Ukoko

Saa sita na robo usiku, Sinza.
Nimeshuka jukwaani, jasho halijakauka shingoni,
nimeegemea kabati la vioo la muuza chipsi
nikingoja mayai yashikane.
Leo wamecheka watu mia mbili na kumi na nane.
Nilivihesabu viti mwenyewe,
maana promota ana ugonjwa wa kusahau namba.

Kijana mmoja ananitambua:
"We si Mama Sufuria? Hebu tuchekeshe!"
Daktari hasimamishwi njiani akaambiwa, hebu nipasue.
Natabasamu. Simu inanyanyuka.
Nalivuta tumbo ndani, nalishikilia
kama mlango wa choo usio na komeo.

Umaarufu, niulizeni mimi.
Ni mwenye nyumba kukuona kwenye runinga Jumamosi,
Jumatatu kodi imepanda.
Ni yule wa darasa la tano aliyekuita Gunia
kukupigia simu, "shoga yangu," anataka tiketi nne, za mbele.
Pale Mwenge niko kwenye bango la unga wa sembe,
nimecheka meno yote, hadi la mwisho lililotoboka,
na siku walipolitundika
nilipita chini yake kwa miguu, sina hata ya bodaboda.

Mama hajawahi kucheka kichekesho changu hata kimoja.
Hupiga alfajiri kutoka Keko,
nasikia maandazi yakilia kwenye mafuta.
"Walicheka?"
"Walicheka."
"Na wewe, umekula?"
Nimekula, mama.
Sijaacha kula tangu tulipotoka kumzika baba.

Kichekesho kilichonitoa mnakijua.
Mume anaamka saa nane za usiku,
ananyata kama mwizi wa kuku,
anafunua sufuria, anakwangua ukoko gizani,
kwaru, kwaru,
mke anadhani ni panya, anakwenda dukani kununua sumu,
muuza duka anamuuliza, huyo panya ana kilo ngapi?
Hapo ukumbi huanguka.
Nimekisema Tabata, nimekisema Mbagala,
nimekisema kwenye harusi ya matajiri kule Masaki
ambako hucheka wakiwa wamefumba midomo,
kama wanaogopa kicheko kitatozwa kodi.

Mume huyo ana jina, Mharami.
Talaka yetu inaingia mwaka wa pili.
Mwezi jana nikamwona safu ya tatu,
na shati la kijani nililomnunulia Kariakoo,
kola bado inapinda upande wa kushoto.
Ningeweza kukiruka. Sikukiruka.
Kwaru, kwaru.
Jirani yake akamgusa kwa kiwiko, ndo wewe nini?
Akaitikia kwa kichwa.
Akacheka hadi akajifuta macho.

Sasa sikilizeni, kwa kuwa hapa hakuna kipaza sauti.
Mharami hajala ukoko maisha yake yote.
Unamuumiza fizi. Na akilala, kalala, gogo.
Aliyekuwa akinyata ni mimi.

Usiku mmoja aliamka, akawasha taa,
akanikuta nimechutama sakafuni,
sufuria katikati ya magoti,
masizi mkononi, punje za wali kidevuni.
Nikangoja tusi. Nilishaliandaa na jibu lake.
Akachota maji kikombe kimoja, akaniwekea kando,
akazima taa, akarudi kulala.

Hicho sijakipandisha jukwaani.
Nimejaribu, chumbani, mbele ya kioo,
nikibadilisha sauti, nikimpa yeye kigugumizi.
Nikifika kwenye kikombe nakwama.

"Dada," muuza chipsi ananigutusha.
Huyu hana habari na mabango. Kwake mimi ni mayai mawili, kavu.
"Pilipili?"
Weka.
"Nikufungie, au unakula hapa?"
Kijana bado kanielekezea simu,
wenzake wawili wameongezeka.
Navuta kigoda, nakisogeza chini ya balbu.
Hapa hapa, namwambia.
Na tumbo nikaliachia.